Sibelius Aifuta Simfoni ya Tano

Tarehe 8 Desemba 1915 Finland nzima ilikuwa katika sherehe kwa ajili ya mtu mmoja. Jean Sibelius alikuwa anatimiza miaka 50. Magazeti yalimwandika kurasa kwa kurasa, telegramu za pongezi zilimiminika, na wananchi walikuwa wamechangishana fedha wakamnunulia piano kubwa ya Steinway. Jioni ilipofika, ndani ya ukumbi mkubwa wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipanda jukwaani mwenyewe akaiongoza okestra ya mji. Miongoni mwa kazi zilizopigwa usiku ule moja ilikuwa mpya kabisa: Simfoni ya Tano. Watu walishangilia, na katika siku zilizofuata simfoni ilirudiwa tena kwa wale waliokosa nafasi.

Mwaka mpya ulipoingia, mtunzi aliiweka tena mezani akaanza kuifuta.

Hakuna aliyemlazimisha. Wahakiki hawakuikataa, kiongozi wa okestra hakuirudisha, na mchapishaji hakulalamika. Jambo hili linamtofautisha na mtu kama Anton Bruckner wa Vienna, ambaye mwaka 1887 alimpelekea Hermann Levi, kiongozi wa okestra aliyemwamini kuliko wengi, simfoni yake ya nane, naye Levi akasema haielewi. Bruckner aliumia sana, akaiandika upya, na kwa woga ule ule akarudi nyuma kuzichokonoa hata simfoni zake za zamani. Kwa Bruckner unaweza kumtaja mtu na kusema, huyu ndiye aliyesababisha. Kwa Sibelius hakuna wa kumtaja. Alishangiliwa, akaenda nyumbani, akasema haijawa.

Ilimchukua miaka minne. Kuna simfoni ya 1915, kuna ya 1916, na kuna ya 1919, ambayo ndiyo dunia inayoijua. Zote zinaitwa Simfoni ya Tano, zote ziko katika ufunguo mmoja, na zimefumwa kwa vipande vya sauti vilevile. Hata hivyo, anayesikiliza ya kwanza baada ya kuizoea ya mwisho hukaa akijiuliza kama ni kazi moja kweli.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Sibelius alizaliwa mwaka 1865 katika mji wa Hämeenlinna, wakati Finland ilipokuwa chini ya mfalme wa Urusi. Nyumbani walizungumza Kiswidi. Utunzi wake wa Finlandia, uliopigwa mara ya kwanza mwaka 1899, ulimfanya awe sauti ya taifa ambalo bado halikuwa na dola. Wimbo wa polepole ulio ndani ya kazi hiyo umeingia katika vitabu vya nyimbo vya makanisa mengi, na hata Biafra ilipojitangazia uhuru mwaka 1967 iliuchukua kuwa wimbo wake wa taifa. Kwa hiyo huenda msomaji amewahi kuimba sauti ya Sibelius bila kulijua jina lake.

Tangu 1904 aliishi na mkewe Aino na binti zao katika nyumba ya magogo huko Järvenpää, nje kidogo ya Helsinki. Nyumba waliiita Ainola, kwa jina la mke. Maji ya bomba hayakuingizwa humo mpaka mzee alipofariki, kwa sababu hakutaka kusikia mabomba yakinung'unika wakati anatunga. Aino na mabinti walibeba ndoo. Wasifu wa watunzi wakubwa umejaa ndoo za namna hii, na mara nyingi aliyezibeba hatajwi.

Mwaka 1908 madaktari wa Berlin walimpasua kooni kutoa uvimbe. Aliacha pombe na sigara kwa miaka kadhaa, akiwa na hofu kwamba ugonjwa ungerudi. Katika hofu hiyo aliandika Simfoni ya Nne, ya 1911, kazi kavu, yenye giza, isiyombembeleza msikilizaji hata kidogo. Wengi walitoka ukumbini wakiwa hawajui waseme nini. Waliokuwa wakifuatilia mambo ya Ulaya walidhani wameelewa: Sibelius amejiunga na watu wa muziki mpya. Mwanzoni mwa 1914 alikwenda Berlin na kusikia kazi za Arnold Schoenberg, yule aliyekuwa akiuvunja mfumo wa funguo ambao muziki wa Ulaya uliutegemea kwa karne kadhaa. Zilimgusa na zilimsumbua kwa pamoja. Baadaye mwaka huohuo alisafiri kwenda Marekani, akaongoza kazi zake Connecticut na kupewa udaktari wa heshima na Chuo Kikuu cha Yale. Alikuwa baharini akirejea nyumbani wakati mrithi wa kiti cha Austria alipouawa Sarajevo.

Vita vilimkata mshipa wa fedha. Mchapishaji wake mkuu, Breitkopf & Härtel, alikuwa Leipzig; Finland ilikuwa sehemu ya Urusi, na Urusi ilikuwa ikipigana na Ujerumani. Mirabaha ikasimama, na safari ya pili ya Marekani aliyoitegemea ikafa. Ili familia ipate kula, na ili madeni ambayo tayari yalikuwa makubwa yasizidi, aliandika vipande vidogo vya piano na fidla kwa wachapishaji wa nyumbani, kimoja baada ya kingine, vya kuuzwa upesi. Hata ile Steinway ya zawadi ilinusurika kuchukuliwa na wadai. Rafiki yake, mwimbaji Ida Ekman, ndiye aliyezunguka kukusanya fedha za kuikomboa.

Katikati ya vibarua hivyo, tangu 1914, kilikuwapo kitu kingine katika madaftari yake. Mawazo yalikuja yakiwa vipande vipande, na hayakuja na jina. Baadhi yake yaliishia katika Simfoni ya Tano, baadhi katika ya Sita, mengine yalihamahama kwa miaka. Wataalamu waliozisoma karatasi hizo, kama James Hepokoski, wanatuonyesha mtu asiyepanga nyumba kwanza kisha kutafuta matofali. Alikuwa na matofali, akiyageuza geuza ili ayaone yenyewe yanataka kukaa wapi.

Tarehe 21 Aprili 1915, kabla ya adhuhuri, aliona bata maji 16. Hao ni ndege wakubwa weupe wenye shingo ndefu, jamaa ya bata, ambao Finland huwaona wakirejea theluji inapoanza kuyeyuka. Walizunguka juu yake kwa muda mrefu, kisha wakapotea katika ukungu wa jua. Aliandika katika shajara kwamba hilo lilikuwa moja ya mambo makubwa yaliyompata maishani, akaisikiliza milio yao kama mtaalamu anayechagua ala, na hapohapo akainakili sauti ambayo ingekuwa moyo wa sehemu ya mwisho. Ni sauti sahili mno. Pembe za shaba zinapanda na kushuka, zikibembea taratibu juu ya nota chache, na hazina haraka ya kufika popote. Mtoto anaweza kuiimba. Swali lililomtesa miaka minne lilikuwa moja: msikilizaji apitishwe wapi kabla ya kufika hapo, ili ikishafika asiione kuwa nyepesi?

Siku ya kuzaliwa ilikuwa imeshapangwa na ukumbi umeshachukuliwa. Majira ya vuli ya 1915 aliandika kwa kukimbizwa, na aliendelea kurekebisha karibu mpaka siku ya onyesho. Simfoni ilizaliwa kwa sababu ya kalenda, na nadhani kama si kalenda asingeitoa kabisa.

Toleo la 1915 lina sehemu nne zilizotengana. Ya kwanza ni ya polepole, ya pili ya mbio na ya kuchezacheza, ya tatu ya utulivu, ya nne ndiyo ya bata maji. Mpangilio huo ungekubaliwa na mwalimu yeyote wa muziki wa wakati ule, lakini yaliyomo hayakuwa mepesi. Simfoni inaanza bila mlango: ule wito wa pembe unaopanda kama alfajiri, ambao leo mtu akiusikia tu anajua hii ni Tano ya Sibelius, haumo. Ala za kupuliza zinaingia moja kwa moja na mazungumzo yao. Sehemu ya kwanza inajikusanya, inazidi kujaa, unahisi sasa kitu kitapasuka, kisha inasimama. Ndipo sehemu ya pili inaanza, ikitumia mawazo yaleyale ya ya kwanza lakini kwa kasi, kana kwamba haijui kwamba jirani yake ameyasema muda si mrefu uliopita.

Na kuna makali. Katika sehemu ya mwisho sauti zinasagana. Fidla zinashikilia jambo lao wakati ala za shaba zinasema jingine, na hakuna anayekubali kumpisha mwenzake. Bado mwandishi wa Simfoni ya Nne yumo humo ndani. Sehemu hiyo nayo ni ndefu, ndefu kwa karibu vipimo mia mbili kuliko ilivyokuja kuwa baadaye. (Kipimo ni kile kijumba kilicho kati ya mistari miwili ya wima kwenye karatasi ya nota.) Mwishoni okestra nzima inapiga mapigo sita makubwa, na chini ya mapigo hayo fidla zinatetemeka mfululizo, zikijaza kila pengo. Tutarudi kwenye mapigo hayo.

Mwaka 1916 aliingia kazini. Jambo kubwa alilolifanya mwaka huo ni kuzishika sehemu mbili za mwanzo na kuziunga kuwa moja. Alikuwa fundi aliyegundua kwamba vyumba viwili alivyovijenga vina dirisha moja, akabomoa ukuta. Lakini ukuta wa muziki haubomolewi kwa nyundo. Sehemu moja ilikuwa ya polepole na nyingine ya mbio, na ukizigandisha tu ubavu kwa ubavu, msikilizaji anasikia kiraka. Ilibidi polepole igeuke kuwa mbio bila mtu kuonyeshwa mahali ilipogeukia.

Toleo hilo aliliongoza Turku siku yake ya kuzaliwa iliyofuata, 8 Desemba 1916, na siku chache baadaye Helsinki. Safari hii shangwe zilikuwa za adabu, na mtunzi mwenyewe hakuridhika. Sisi hatuwezi kusema alikuwa na haki au la, kwa sababu simfoni ya 1916 imetoweka. Kilichosalia ni nota za wapigaji wa dablibesi peke yake. Ukiwa na sauti ya chini kabisa ya okestra tu, unaweza kuhesabu vipimo, unaweza kujua wapi kazi ilikimbia na wapi ilitulia, wapi palifutwa na wapi palirefushwa. Lakini fidla zilisema nini juu yake, na pembe je? Wataalamu wameijenga mifupa ya toleo hilo kwa kutumia dablibesi na kulinganisha na matoleo mawili yaliyo pande zake. Nyama haipo.

Halafu nchi ikapasuka. Mfalme wa Urusi aliangushwa mapema 1917, Finland ikajitangazia uhuru tarehe 6 Desemba mwaka huohuo, na Januari 1918 Wafini wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe, Wekundu wa kusini na Weupe wa kaskazini. Järvenpää ilikuwa upande wa Wekundu. Sibelius alikuwa ametunga, bila kutia jina lake, wimbo wa kijeshi wa vijana waliokwenda kwa siri Ujerumani kufundishwa vita, vijana ambao sasa walikuwa wakipigana upande wa Weupe. Kama siri hiyo ingetoka, haikuwa mzaha. Walinzi Wekundu waliingia Ainola wakapekua kutafuta silaha, mabinti wakitetemeka. Robert Kajanus, kiongozi wa okestra ya Helsinki na rafiki wa miaka mingi, alikuja kumshawishi ahamie mjini, na familia ikajificha katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lapinlahti, ambako Christian, mdogo wake mtunzi, alikuwa daktari. Chakula kilikuwa haba kiasi kwamba Sibelius, mtu wa kitambi na nguo nzuri, alipungua kilo karibu 20. Simfoni ililala. Mwezi Aprili majeshi ya Ujerumani yaliingia Helsinki, na vita vikaisha kwa ushindi wa Weupe, vikiacha makambi ya wafungwa ambamo maelfu ya Wekundu walikufa kwa njaa na maradhi.

Mtu angetazamia simfoni iliyotoka katika miezi hiyo iwe na damu. Haina. Mimi sioni kwamba aliikimbia hali. Naona kwamba maswali aliyokuwa akiyauliza katika kazi hii yalikuwa yameshaulizwa kabla ya bunduki kulia, na alikuwa mkaidi vya kutosha kuendelea nayo.

Barua yake ya tarehe 20 Mei 1918 inatufungulia karakana. Anasema Simfoni ya Tano iko katika sura mpya, karibu imetungwa upya, na anaifanyia kazi kila siku. Kisha anazitaja sehemu zake, na ukizihesabu unapata nne. Nne! Ukuta aliokwisha kuubomoa mwaka 1916 alikuwa tayari kuujenga tena. Katika barua hiyohiyo anaeleza mipango ya Simfoni ya Sita na ya Saba, ambazo zilikuwa zimeshaanza kuchipua pembeni, na anaonya kwamba mipango yote huenda ikabadilika.

Machi 1919 alifariki Axel Carpelan, mheshimiwa mmoja mwenye cheo cha baroni na mfuko mtupu, ambaye kwa karibu miaka 20 alikuwa msikilizaji wake wa kwanza. Carpelan ndiye aliyependekeza jina la Finlandia, ndiye aliyemwombea fedha za safari ya Italia, na ndiye ambaye Sibelius alimwandikia mambo ambayo hakuwaambia wanamuziki. Katika shajara mtunzi alijiuliza sasa amtungie nani.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 22 Aprili, aliandika kwamba simfoni imekwisha katika sura yake ya mwisho. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Ziwa lilikuwa bado barafu, na ndege wa masika walikuwa wamerudi, bata maji miongoni mwao. Mtu yeyote angefunga kitabu hapo. Siku sita baadaye shajara inasema jingine kabisa: amezitupa sehemu ya pili na ya tatu. Sehemu ya kwanza peke yake inatosha, ni kazi kamili, haihitaji kitu nyuma yake. Yaani bata maji, ambao kwa ajili yao yote haya yalianza, walifutwa. Kisha Mei ilipoingia akabadilika tena. Sehemu zote zikarudi, tatu, na zote zikapelekwa kwa mnakili. Na sehemu ya mwisho alikiri kwamba ameipitia tena yote. Ukizifuata hesabu zake tangu mwanzo, unapata sehemu nne, tatu, nne tena, tatu, moja, tatu. Wapo wanaosimulia historia ya kazi hii kama safari ya kupanda mlima hatua kwa hatua, kila toleo likiwa juu ya lililotangulia. Mimi hesabu hizi zinanionyesha mtu aliyepotea njia mara kadhaa, ambaye mpaka wiki ya mwisho hakuwa na hakika kama anachokiandika ni simfoni.

Toleo la mwisho lilipigwa Helsinki tarehe 24 Novemba 1919, mwenyewe akiongoza. Mwaka 1921 aliliongoza London, na mwaka huohuo Wilhelm Hansen wa Copenhagen akalichapisha. Kuchapishwa ndiko kulikomaliza ubishi. Karatasi ikishatoka kiwandani na kununuliwa na okestra za miji mbalimbali, huwezi kuifuatilia kila mahali na kifutio.

Sasa tusikilize alichokipata. Wito wa pembe sasa uko mlangoni, nota chache tu zinazopanda, na zinafanya kazi mbili. Kwanza zinamkaribisha msikilizaji. Pili, dakika nyingi baadaye, sehemu ya kwanza inapojaa kiasi kwamba lazima kitu kitokee, tarumbeta zinarudi na wito uleule, kwa mwanga mkali wa ufunguo wa mbali, na hapo ndipo mbio zinapoanzia. Palepale ambapo mwaka 1915 muziki ulisimama, sasa pamekuwa kiungo. Kinachofanyika kwenye karatasi ni hivi: mwanzoni kila kipimo kina mapigo manne mazito, na kila pigo limegawanyika katika matatu. Kwenye kiungo, pigo moja kati ya yale manne linageuka kuwa kipimo kizima cha mapigo matatu. Mwendo wa mkono wa kiongozi wa okestra haukatiki. Anachotakiwa kufanya ni kuongeza kasi kidogo kidogo, kwa dakika kadhaa, bila kuruka, mpaka sehemu iliyoanza kwa pumzi ndefu inamalizika kwa kasi ya kutisha. Viongozi wa okestra wanakuambia hapa ndipo pagumu kuliko pote. Ukiwahi mapema, umeishiwa kabla ya mwisho. Ukichelewa, watu wanasikia gia zikibadilishwa.

Sehemu ya pili, ya utulivu, inaonekana haina jambo. Filimbi na fidla zinacheza na kipande kidogo cha mdundo, zikikigeuza hivi na vile. Lakini ukishusha sikio, utasikia chini kabisa dablibesi zikianza kuichora sauti ya bata maji kabla ya wakati wake. Hivyo katika sehemu ya tatu, pale fidla zinapomaliza kukimbizana kwa minong'ono na pembe zikaanza kubembea, msikilizaji anahisi kwamba anachokisikia amekuwa akikijua. Lile swali la 1915, la kumpitisha mtu wapi ili usahili usiwe wepesi, limejibiwa huko chini ambako wengi hawasikilizi.

Na mapigo sita. Mwaka 1915 fidla zilitetemeka chini yake bila kupumzika, na zilikuwa na sababu: ziliwaambia watu kwamba muziki bado unaendelea. Mwaka 1919 alizinyamazisha. Pigo, kisha kimya. Pigo, kisha kimya. Okestra nzima iko kimya kati ya mapigo, kimya kinachokaribia kuwa kirefu mno, na hakuna wa kumhakikishia msikilizaji lolote. Katika kumbi nyingi kuna mtu anayepiga makofi baada ya la pili au la tatu, akidhani mambo yamekwisha, majirani wakamgeukia kwa macho makali. Kwa maoni yangu huyo ndiye msikilizaji mwaminifu kuliko wote. Amekubali kutegwa na mtego uliotegwa kwa ajili yake. Hapa Sibelius hakuongeza nota hata moja. Aliondoa, na hapohapo mwisho uliokuwa wa kawaida ukawa mojawapo ya miisho inayobishaniwa zaidi katika muziki wa karne ya 20.

Je, toleo la mwisho ni bora? Kwa muda mrefu swali hilo halikuwezekana kuulizwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amelisikia la kwanza isipokuwa wazee wa Helsinki. Mwaka 1982 familia ilikabidhi maktaba ya Chuo Kikuu cha Helsinki shehena kubwa ya karatasi zake, na katika miaka ya 1990, kwa idhini ya familia, Osmo Vänskä na okestra ya mji wa Lahti waliipiga na kuirekodi simfoni ya 1915. Walirekodi na ile ya 1919, hivyo mtu anaweza kuzisikiliza moja baada ya nyingine, kwa okestra ileile na mkono uleule.

Mimi nikilazimishwa nitachagua 1919 kama wengi wanavyochagua. Ila nitanung'unika kidogo. Katika ile ya 1915 kuna makwaruzo ambayo hayakuwa makosa. Yalikuwa ya mtu aliyesimama njia panda, mguu mmoja kwa Schoenberg na mwingine msituni Järvenpää, naye hakuficha. Sibelius alisema alitaka simfoni yake iwe ya kibinadamu zaidi, iguse ardhi zaidi, na kweli ikawa hivyo. Lakini katika kuifanya iguse ardhi aliyalainisha mengi ambayo watunzi wa miaka hamsini baadaye wangeyafurahia. Wanaosema aliifanya kazi iwe nzuri zaidi wanasema kweli. Wanaosema aliifanya iwe salama zaidi nao hawajakosea sana, wakiacha kando yale mapigo ya mwisho, ambayo si salama hata kidogo.

Ile kazi ya kuunga ilimfungulia njia. Kama sehemu mbili zinaweza kuwa moja, kwa nini zisiwe zote? Simfoni ya Saba, ya 1924, ni sehemu moja tangu mwanzo hadi mwisho, zaidi kidogo ya dakika 20, na mabadiliko yake ya mwendo yanafuata ustadi uleule uliogharimu miaka minne ya Simfoni ya Tano.

Tabia ya kufuta nayo ilibaki. Haikuanzia hapo, En saga ya 1892 aliiandika upya miaka kumi baadaye, na konseto yake ya fidla ya 1904 aliiondoa jukwaani baada ya maonyesho ya kwanza akairudisha mwaka 1905 ikiwa nyingine. Lakini kazi hizo zilipigwa kwanza, zikafutwa baadaye. Simfoni ya Nane haikupata bahati hiyo. Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, aliisubiri msimu baada ya msimu, na mtunzi akaendelea kuahidi. Mwaka 1933 mnakili wake, Paul Voigt, alinakili kurasa 23 za sehemu ya kwanza. Baadaye, katika miaka ya 1940, Sibelius alikusanya karatasi nyingi akazitia motoni Ainola, na simfoni hiyo inaaminika ilikuwa miongoni mwake. Aliishi mpaka 1957. Simfoni ya 1915 tunaweza kuisikia leo kwa sababu, kwa ajili ya sherehe ile ya kuzaliwa, nota zake zilikuwa zimeshanakiliwa kwa kila mpigaji na kugawiwa kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kubadili mawazo. Za Simfoni ya Nane hazikugawiwa kwa okestra yoyote.